Neno Likifika Mosocho

Simama mbele ya kina mama wazee wa Mosocho, kilomita chache kutoka mji wa Kisii, uwaambie kwa Kiswahili sanifu kwamba baba ndiye nguzo ya nyumba. Wataitikia kwa kichwa. Mmoja atatabasamu na kumgusa mwenzake kwa kiwiko. Usijipongeze bado. Katika Ekegusii, lugha yao, mzazi wa kiume ni tata. Baba ni mama.

Wengi wao wamekizoea Kiswahili cha redio, cha kanisani na cha sokoni. Kwa hiyo watakurekebisha kimoyomoyo na kukuvumilia, kama anavyovumiliwa mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba bila kujua. Lakini kwa kitambo cha kupepesa jicho, sentensi iliyotoka kinywani mwako na ile iliyoingia masikioni mwao zilikuwa mbili tofauti, na wewe ulikuwa umeshavuka kwenda kwenye hoja ya pili.

Vitabu vya kufundisha kuhutubu na kuandika hushughulika sana na mtu aliyeshika maiki: apumue vipi, asimame vipi, mikono aiweke wapi, aanze na kichekesho au na takwimu. Ni mafunzo yenye manufaa. Hata hivyo, anayetaka kujua kwa nini hotuba tamu hupotea hewani, na kwa nini barua ya mistari minne hutimiza kazi, inambidi ahamie upande wa pili wa uwanja, walikoketi wasikilizaji. Nchini Kenya ni sehemu chache zilizolipia somo hilo kwa gharama kubwa kama vijiji vya Gusii, nchi ya Abagusii, na Mosocho ni kimojawapo.

Waliambiwa hatari, wakatafuta muuguzi

Kwa miaka mingi, Kisii na Nyamira, yaani Gusii yote, zilipelekewa ujumbe mmoja kuhusu ukeketaji wa wasichana: una madhara ya kiafya. Ngariba hutumia wembe mmoja kwa watoto wengi. Msichana anaweza kuvuja damu hadi afe. Kidonda kinaweza kuoza. Ujumbe huo ulikuwa wa kweli, ulitolewa na watu wenye elimu na nia njema, tena ulieleweka barabara.

Na kwa sababu ulieleweka, ulizaa jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Mama aliyehudhuria mkutano alirudi nyumbani na vitu vitatu kichwani: wembe mchafu, damu, kidonda. Kila kimoja kina dawa, na dawa hiyo huvaa koti jeupe. Wazazi wakaanza kuwaacha ngariba na kuwatafuta wauguzi, wenye glavu na wembe mpya. Mwaka 2004, watafiti Carolyne Njue na Ian Askew wa shirika la Population Council walitoa ripoti nzima kuhusu hali hiyo miongoni mwa Abagusii: tohara ya wasichana ilikuwa ikihamia mikononi mwa wahudumu wa afya.

Takwimu za Utafiti wa Kitaifa wa Demografia na Afya zinaonyesha ukubwa wa mlima wenyewe. Katika utafiti wa 2008-09, wanawake 96 kati ya kila 100 wa jamii ya Kisii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamekeketwa, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 27. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji. Utafiti wa 2014 ulikuta asilimia 84 Kisii na 21 kitaifa. Kufikia 2022 kiwango cha taifa kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 15. Mlima umepungua, lakini kwa Gusii umekuwa ukipungua polepole.

Ukiutazama mkasa huu kwa jicho la mtu anayeandika au kuhutubu kwa kazi, hutaona neno lililokosewa. Sarufi ilikuwa sawa, ushahidi ulikuwa sawa, hata mchoro ukutani ulikuwa sawa. Kasoro ni kwamba ujumbe ulijibu swali ambalo mama hakuwa ameliuliza. Yeye hakulala macho akiwaza usafi wa wembe. Alichowaza ni hiki: binti yangu asipopitishwa, atakuwa nani? Wenzake watamwitaje? Ataolewa na nani? Sisi tutajitofautisha vipi na majirani wasiotahiri? Hayo ni maswali ya heshima, ya ndoa na ya utambulisho, na hakuna glavu inayoyajibu.

Ndiyo maana napinga ushauri unaotolewa kila mara kwamba kinachohitajika ni kurahisisha lugha. Lugha ilirahisishwa. Waliofundisha walipaswa kwanza kukaa kimya kwa muda mrefu, wakasikiliza mama huyo anabishana na nani moyoni mwake. Msikilizaji haji kikaoni akiwa mtungi mtupu. Huja katikati ya mabishano yake mwenyewe, na neno lako litatumika katika mabishano hayo, upende usipende.

Nani amwambie nani

Tuseme umelipata swali lenyewe. Bado hujapata ruhusa ya kulijibu.

Abagusii wana neno chinsoni. Kwa haraka tungelitafsiri kuwa haya au aibu, lakini linabeba zaidi ya hisia. Ni utaratibu wa nani ajiepushe na nani, na katika mambo gani. Mzazi na mwanawe, baba mkwe na mke wa mwana, hawazungumzii habari za mwili na unyumba wakisikilizana. Vizazi viwili vinavyofuatana vina ukuta kati yao. Ruka kizazi kimoja, ukuta unaanguka: nyanya na mjukuu hutaniana wazi, na magokoro, yaani nyanya, anaweza kumwambia binti mambo ambayo mama mzazi angeyatamka kwa taabu.

Sasa mlete mhamasishaji kijana mwenye fulana mpya ya mradi. Awakusanye chini ya mti mmoja kina mama, baba wakwe zao, wavulana na wasichana, kisha akunjue mchoro. Kabla hajafika mwisho wa sentensi ya kwanza, nusu ya kikao imeinamisha vichwa. Jioni ataandika katika ripoti kwamba walihudhuria watu themanini. Ni kweli walihudhuria. Hawakumsikiliza, walikuwa wakiheshimiana.

Hata ule ushauri maarufu wa kumtazama msikilizaji machoni unahitaji pasipoti ili uingie hapa. Mwanaanthropolojia Mmarekani Robert LeVine, aliyeanza kufanya utafiti Gusii miaka ya 1950 na kurejea tena miaka ya baadaye, aliandika yeye na wenzake kwamba watu wazima hawakuwa na desturi ya kukaziana macho wanapozungumza. Mambo hubadilika, na vijana wa leo wamelelewa na televisheni na simu. Lakini msemaji anapomkazia macho mzee wa Mosocho akidhani anaonyesha ujasiri, huenda mwenzake anasoma utovu wa adabu.

Mwaka 2002 ulianza Mosocho mradi uliolichukulia jambo hili kwa uzito. Unaitwa Fulda-Mosocho, jina linalounganisha mji wa Ujerumani na kijiji cha Kisii, na ulianzishwa kwa juhudi za Profesa Muthgard Hinkelmann-Toewe. Msingi wake ni mbinu ya kuanzia kwenye thamani ya mtu. Wembe haukuwekwa mwanzoni mwa mazungumzo. Mwanzoni aliwekwa mwanamke mwenyewe: ana thamani gani, inatoka wapi, na nani aliyesema lazima akatwe ndipo aipate. Lawama ziliachwa nje ya mlango. Mafunzo yalikuwa ya muda mrefu, na walioyapitia, kina mama na walimu wakiwemo, ndio waliobeba mazungumzo hadi nyumbani na darasani.

Sidai kwamba mradi mmoja ndio ulioshusha takwimu. Sheria, shule, makanisa, na zaidi ya wote wasichana waliokataa, kila mmoja ana sehemu yake. Ninachokitazama mimi ni mpangilio wa maneno. Ile kampeni ya zamani ilianza na jibu la mtaalamu. Hii ilianza na swali la mama. Kampeni ya zamani ilimtaka mgeni awaambie wenyeji. Hii ilimtaka mwenyeji amwambie mwenyeji, na chinsoni ikapata mahali pa kupita.

Jina la kitu

Kuna kikwazo kingine, na hiki kimejificha ndani ya msamiati. Ekegusii husema okwaroka kwa kutahiriwa, awe ni mvulana au msichana. Neno hilo lina ngoma, lina nyimbo, lina zawadi na chakula cha Desemba shule zinapofungwa. Msichana ambaye hajapitishwa aliitwa egesagane, na si jina ambalo ungependa uitwe na wenzako kisimani.

Kiswahili cha kampeni kilikuja na neno ukeketaji. Ni neno linalofaa sheria na linalofaa mahakama, kwa kuwa linataja kitendo bila kukipamba. Lakini liweke masikioni mwa nyanya wa miaka 70. Alipitishwa kwa vifijo, akawapitisha binti zake kwa vifijo, akiamini anawatoa utotoni. Leo kijana wa umri wa mjukuu wake anasimama na kumwambia, kwa jina moja tu, kwamba maisha yake yote alikuwa akiwatesa watoto. Labda hoja ni ya haki. Ila mtu aliyeshtakiwa haendelei kusikiliza. Anaanza kuandaa utetezi.

Hapa ndipo namkumbuka mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliyefariki Februari 2025. Kuanzia 1966, kwa zaidi ya miaka 50, aliwakosoa Wakenya hadharani kupitia redio, na Wakenya wakampenda. Alikemea wanaoruka foleni, wanaokopa wasilipe, wanaochungulia gazeti la jirani kwenye matatu. Siri kubwa iko katika jina la kipindi chenyewe: Je, Huu ni Ungwana? Ni swali. Hakusema huu si ungwana. Alikueleza tukio, akakuachia kiti cha hakimu, na wewe ukajihukumu mwenyewe jikoni kwako huku ukicheka. Aliyejihukumu mwenyewe hana wa kumkatia rufaa.

Lugha ya redio ya Mbotela ilikuwa ya sentensi fupi, tukio moja na fundisho moja. Leo Gusii ina redio zake za Ekegusii, zikiwemo Egesa FM na Minto FM, na watangazaji wao wana kitu ambacho Mbotela hakuwa nacho: lugha ambayo msikilizaji aliota ndoto ndani yake akiwa mtoto. Ni mali kubwa. Ni hatari pia.

Moraa na mkuki

Nasema ni hatari kwa sababu Kitutu, eneo ambalo Mosocho imo, inayo kumbukumbu ya nguvu ya maneno. Mwaka 1907 Waingereza waliweka kituo chao pale palipo leo mji wa Kisii. Afisa wao, Geoffry Northcote, wenyeji walimwita Nyarigoti. Huko Kitutu aliishi mwanamke aliyeitwa Moraa Ng'iti, mganga aliyesifika kwa kuona ya mbele. Masimulizi ya Gusii yanamkumbuka kama aliyewachoma vijana kwa maneno, akiwakejeli kwamba wameacha wageni watawale huku wao wameshika mikuki ya mapambo. Januari 1908, mmoja wao, Otenyo, alimvizia Northcote njiani na kumchoma mkuki.

Moraa hakuwa na maiki wala karatasi. Alikuwa na ujuzi wa ndani: alijua kijana wa Gusii wa wakati ule anaogopa nini kuliko kifo. Anaogopa kuitwa mwoga mbele ya wanawake. Aligusa hapo tu.

Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa. Waingereza walituma jeshi, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakatekwa. Anayesimulia habari hii kama hadithi ya ushujaa ana haki yake, na jina la Moraa linastahili heshima. Lakini mwenye kazi ya maneno akumbuke na upande wa pili: kumjua msikilizaji ni kushika ufunguo wa nyumba yake. Kenya iliona katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 jinsi ufunguo huo unavyoweza kutumiwa na mwizi, na Gusii, iliyopakana na maeneo yaliyowaka moto, haihitaji kukumbushwa. Mwaka uliofuata tulipata Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoharamisha matamshi ya chuki. Sheria inaweza kumfunga mdomo mchochezi. Haiwezi kumfundisha msemaji kuwajali wanaomwamini.

Msomaji anayelipwa

Na shuleni, msemaji hufunzwa nini kuhusu msikilizaji? Mosocho ndiko iliko Shule ya Upili ya Cardinal Otunga, ya wavulana, yenye jina la Maurice Otunga, askofu wa kwanza wa Jimbo Katoliki la Kisii mwaka 1960, aliyekuja kuwa kadinali wa kwanza wa Kenya mwaka 1973. Kama ilivyo katika kila shule ya upili nchini, wanafunzi wake hufunzwa insha ya hotuba. Karatasi ya kwanza ya mtihani wa Kiswahili wa KCSE ina alama 40: insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, na mara nyingi ni barua, ripoti, kumbukumbu za mkutano au hotuba.

Kila mwanafunzi anaujua muundo. Fungua alama za mtajo. Wataje wakubwa kwa vyeo, kuanzia mgeni wa heshima hadi wanafunzi wenzako. Salimu. Taja mada. Panga hoja. Shukuru. Funga alama za mtajo. Ukisahau alama za mtajo, umesahau maki.

Sidharau muundo huo. Kuwataja watu kwa vyeo si upuuzi, hasa Gusii, ambako mkutano usioanza kwa kuwatambua wazee, abagaka, ni mkutano ambao haujaanza. Tatizo ni kwamba hotuba hiyo huandikwa kwa msikilizaji mmoja tu, naye ni mtahini. Mtahini ni kiumbe wa ajabu. Ndiye msomaji pekee duniani anayelipwa kusoma hadi mwisho. Atavumilia utangulizi wa aya mbili, atavumilia methali tatu zilizorundikwa pamoja, na atakupa maki kwa msamiati ambao nyanya yako hajawahi kuusikia. Mwanafunzi humaliza shule akiamini kwamba wasikilizaji wote wako hivyo.

Halafu anapata kazi. Siku moja anatumwa barazani.

Karatasi iliyofika na isiyofika

Katiba ya 2010 inalitaka Bunge na mabunge ya kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zao. Vifungu vya 118 na 196 vinasema hivyo. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwenye karatasi, mkazi wa kijiji chochote ana haki ya kuulizwa maoni, tena kwa lugha anayoijua.

Nimekaa katika vikao vya aina hiyo, katika kaunti ambazo sitazitaja. Afisa hugawa kitabu cha bajeti cha kurasa mia na zaidi, kwa Kiingereza, dakika kumi kabla ya kikao. Kisha husoma: makadirio ya matumizi ya maendeleo, kiwango cha utekelezaji, bakaa ya mwaka uliopita. Kina mama waliokuja na majembe hutazama jua. Mwishoni afisa huuliza kama kuna swali. Mzee mmoja husimama na kuuliza kuhusu daraja lililobomoka. Afisa hujibu kwamba tutalishughulikia, na daftari la mahudhurio hupitishwa. Kisheria, umma umeshirikishwa.

Bajeti hiyohiyo ingeweza kuelezwa kwa maswali matatu. Barabara yenu imewekewa shilingi ngapi mwaka huu? Ni kitu gani kimenyimwa ili barabara hiyo ipate? Mkitaka kubadilisha, mwambieni nani na kabla ya tarehe gani? Mkazi akitoka na majibu hayo matatu, anaweza kupiga kelele kwa akili. Asipoyapata, atapiga kelele tu, au atanyamaza, na kunyamaza huko kutaandikwa kuwa ni kukubali.

Walio na shaka kwamba umma unaweza kuelewa mambo mazito watazame Tanzania ya 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio, vijitabu vya Kiswahili chepesi kwa watu waliojifunza kusoma majuzi, na vikundi vya kijijini vilivyosikiliza kipindi pamoja. Ilidumu wiki 12 na kuwashirikisha takriban watu milioni 2. Redio peke yake ingesema na kunyamaza. Kijitabu peke yake kingefungiwa nyama. Lakini kikundi kilisikiliza, kikasoma, kisha kikaulizana: hapa kwetu tufanye nini? Vyoo vikachimbwa, mazalia ya mbu yakafukiwa. Kusema na kuandika vilifanya kazi kwa sababu katikati yake waliwekwa watu wanaozungumza wao kwa wao.

Maandishi yana shida yake ya pekee: mwandishi hayaoni macho ya msomaji yakisinzia. Msemaji akiona vichwa vimeinama anaweza kubadilisha njia. Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu haliwezi kujirekebisha. Kwa hiyo anayeandika inampasa kumwona msomaji kabla, na mahali pa kumwona ni stendi ya bodaboda. Chukua tangazo lako, mpe mwendesha boda alisome kwa sauti. Usimweleze chochote. Pale ulimi wake unapojikwaa, pana neno la kuondolewa. Pale anapoinua macho na kukuuliza maana yake, pana sentensi ya kuandikwa upya. Akimaliza, muulize: umeambiwa ufanye nini? Asipojua, rudi nyumbani.

Angalia pia vipimo. Mtaalamu wa kilimo akiandika kwamba mbolea iwekwe kwa kiwango fulani cha kilo kwa hekta, ameandika kwa ajili ya mwenzake wa chuoni. Shamba la Gusii hugawanywa kwa watoto wa kiume hadi likabaki kipande cha migomba, chai kidogo na mahindi, na mahindi yenyewe sokoni hupimwa kwa kopo liitwalo gorogoro. Mwambie mama ni kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo. Kizibo cha chupa anacho, mizani hana.

Na ujumbe mfupi wa simu, ambao leo ndio barua ya kila mzazi, hufuata sheria ileile. Shule nyingi huanza na Mzazi mpendwa, zikaendelea na dira ya shule na shukrani kwa ushirikiano wa muhula uliopita. Tarehe ya mkutano huja mwisho, ikiwa haijakatwa. Mzazi yuko ndani ya matatu, mkono mmoja umeshika chuma. Mpe siku, saa, mahali na cha kubeba. Dira ya shule ataikuta ukutani akifika.

Kazi ya nyumbani

Mtaala wa umilisi unaotumika sasa umeweka mawasiliano na ushirikiano kwenye orodha ya umilisi wa kimsingi ambao kila mtoto wa Kenya anatakiwa kuupata. Ni jambo jema, na ningependa kuliongezea zoezi moja lisilohitaji vitabu wala bajeti.

Mwalimu atoe insha ya hotuba kama kawaida. Mwanafunzi aiandike kwa ufundi wake wote, na alama zake za mtajo. Kisha, kabla ya kuiwasilisha, aende nayo nyumbani Ijumaa jioni, aketi kwenye kigoda jikoni kwa magokoro, nyanya anayemenya ndizi, amsomee. Asimtafsirie kwanza. Asome tu, kwa Kiswahili chake cha shule, atazame.

Nimependekeza nyanya kwa makusudi. Hana maki za kutoa wala za kunyima. Hana haja ya kusikiliza hadi mwisho. Na kwa desturi ya huku, yeye na mjukuu wanaweza kuambiana lolote bila chinsoni kuwazuia, kwa hiyo hatamficha mjukuu kwamba amechoshwa. Atamkatiza. Atauliza hilo neno ni la nini. Atauliza mbona hukumtaja fulani. Atasema hayo ameyasikia kwenye redio, sasa wewe unasemaje? Pengine atamweleza kisa chake mwenyewe, kile kilichomtokea akiwa na umri wa mjukuu huyo, ambacho mhamasishaji mwenye fulana hakuwahi kukisikia.

Na mjukuu akifika kwenye aya inayosema baba ndiye nguzo ya nyumba, kisu kitasimama juu ya ndizi.

“Baba yupi,” atauliza nyanya, “tata au mimi?”

Kijana atacheka. Kisha atatoa kalamu, alikate neno hilo, na aandike juu yake.